Betri ya Baba Mdogo Ndiyo Iliyonifundisha Maikrokontrola

Juzi saa tisa usiku baba mdogo alinipigia simu kutoka ziwani, upande wa Igombe, Mwanza. Nilipokea kwa hofu. Simu ya mvuvi usiku wa manane mara nyingi haina heri. "Mwanangu, kile kifaa chako kimelia," akasema. Betri ya taa za dagaa ilikuwa inaelekea kukata, kengele ikapiga kelele, wakazima taa mbili na kumalizia kuvuta wavu kwa iliyobaki. Mwaka jana betri ilikata ghafla, wakarudi mikono mitupu.

Usingizi uliisha palepale.

Asubuhi nikakuta ujumbe wa kijana wa Sengerema: "Kaka, nataka kujifunza maikrokontrola, ninunue seti ipi?" Maikrokontrola ni kompyuta ndogo ndani ya chipu moja, unayoipangia kazi kwa programu; ndiyo iliyomo kwenye kifaa cha baba mdogo. Mdogo wangu, usinunue seti.

Mimi nilinunua. Hela ya vibarua vya mwezi mzima iliishia kwenye boksi lenye bodi ya maikrokontrola na sensa, vile vipande vya kupimia joto, mwanga na kadhalika, ambazo nyingi sijazigusa hadi leo. Siku tatu za kwanza laptopu haikuitambua bodi, nikaamini nimeuziwa mbovu. Kumbe waya wangu wa USB ulikuwa wa kuchajia tu, haupitishi data. Nilipopata waya sahihi, bado: bodi nyingi za bei nafuu zinazoiga Arduino Uno, bodi maarufu ya kujifunzia, hutumia chipu ya CH340 kuwasiliana na laptopu, na laptopu yangu haikuwa na draiva yake, yaani programu ya kuitambua. Taa ndogo ya pini 13 (pini ni sehemu za kuunganishia waya kwenye bodi) ilipowaka hatimaye, nilimwita mama kutoka jikoni aje aone.

Kisha nikaichoma bodi. Nilitaka kupima betri ya baba mdogo, nikachukua chanya ya volti 12 nikaichomeka moja kwa moja kwenye pini A0, ambayo mwisho wake ni volti 5. Chipu ikapata moto, ikanyamaza. Nikaipeleka kwa fundi mmoja mjini. Akacheka mbele ya wateja wake, akasema vitu hivi ni vya wasomi, mimi nirudi kuanika dagaa. Nilitembea kwa miguu hadi Kirumba, sikutaka hata kukaa na watu kwenye daladala. Maneno yale bado yananiuma, na nayaandika kwa sababu najua na wewe utaambiwa hivyo siku moja.

Dawa ya kupima betri bila kuunguza bodi ilikuwa rezista mbili, vile vipande vinavyozuia umeme. Ya kilo-omu 20 inatoka kwenye chanya ya betri, ya kilo-omu 10 inakwenda kwenye hasi, na pini inasoma pale zinapokutana. Volti zinagawanywa kwa tatu: 12.6 inafika ikiwa 4.2. Uno husoma volti 0 hadi 5 kama namba 0 hadi 1023, kwa hiyo betri ikishuka hadi 11.8, pini inapata kama 3.93, nayo ni namba 805. Ikishuka chini ya hapo, kengele inalia. Mwanzoni ililia ovyo kila taa zilipowashwa, kwa kuwa volti hushuka kidogo mzigo unapoingia. Nikaiambia programu isome mara kumi na kuchukua wastani. Programu nzima haifiki mistari thelathini.

Sasa nisikilize. Tafuta kwanza shida ya nyumbani kwenu: tangi la maji, vifaranga wanaokufa kwa baridi, betri. Nunua bodi moja, waya wa data na mita ya kupimia volti. Mita kabla ya sensa yoyote! Pima kabla hujachomeka. Taa ya LED usiiwashe bila rezista, omu 220 inatosha. Halafu pima tena. Vijana wa kanda hii tuna akili na tuna shida za kutatua. Tunachokosa ni subira ya kupima, na ujasiri wa kurudi mezani baada ya kuchekwa.

Jumamosi naenda Igombe kufunga kifaa cha pili. Jirani yake baba mdogo ameshaleta betri.