Mono wangu wanaumizana, tatizo chumvi?

SWALI: Shikamoo kaka mkubwa. Mi niko Lindi mjini, nimetoa samaki watatu pale Lukuledi inapoingia baharini, wale bapa wa rangi ya fedha wenye mistari miwili myeusi kichwani na mapezi ya njano, nikawaweka kwenye tenki la kioo la lita 60, maji ya kisima na chumvi ya dukani nakadiria kwa kijiko. Mmoja kafa. Waliobaki, mkubwa anamkimbiza mdogo mchana kutwa mpaka mapezi yamechanika. Ni chumvi au roho mbaya tu?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Vyote viwili, ila naanza na ugomvi maana ndo wengi hawauelewi. Kwa maelezo yako hao ni mono, kitaalamu Monodactylus argenteus, wapo kuanzia Bahari ya Shamu na pwani yetu mpaka huko Samoa, na watoto wao wanakulia kwenye mikoko na milango ya mito. Samaki wa kundi hao. Wakiwa wengi ubabe unagawanyika, huyu anamsukuma yule, yule anahamia kwa mwingine, hakuna anayebeba kipigo chote peke yake. Ukiweka wawili ushamchagua mmoja awe mnyonge masaa yote, anajibana kona, rangi inafifia, chakula hagusi. Wanataka kuanzia sita hivi.

Sasa usikimbilie mtoni kuongeza wanne!! Mono anafika sentimita 25, sita wakubwa wanataka tenki la lita 500 na kuendelea, hiyo 60 yako hata kwa watoto ni ya miezi michache tu. Kama nafasi huna watafutie mwenye tenki kubwa, afu wewe fuga wale wadogo wa jamii ya Ambassis, mwili unapenya mwanga mpaka miiba unaiona, nao wapo milangoni mwa mito na wanatembea kundi, ila wengi hawavuki sentimita 10. Kiukweli mi nawapenda kuliko mono.

Chumvi ndo hivi. Ya dukani, hata ile inayotoka kwenye mashamba yetu ya chumvi hapo Lindi na Mtwara, ni ya kulia ugali. Maji ya bahari yakikaushwa chumvi inaganda kwanza, yale maji machungu yanayobaki yanamwagwa, na humo ndo magnesiamu nyingi inaondoka, kwahiyo ukiikoroga tena hupati bahari. Na we bahari iko hapo mlangoni, unanunua chumvi ya nini? Bahari ina gramu 35 hivi kwa lita, ndoo moja ya bahari kwa tatu za maji baridi inakupa kama gramu 9, kwa watoto inatosha kabisa, wakikua unapandisha pole pole mpaka wakubwa waishi karibu na bahari yenyewe maana hata porini ndo wanakohamia. Chota maji yakiwa yamejaa, mbali na mto na mitaro, na msimu wa mvua usiamini hesabu ya ndoo kwasababu Lukuledi ikishuka ghuba nayo inapungua chumvi, tafuta kipimo cha kuelea kinachoonyesha maji yana chumvi kiasi gani.

Na huyo aliyekufa mi nahisi ni uchafu wake mwenyewe, tenki jipya halina bado bakteria wa kugeuza amonia, ile sumu inayotoka kwenye uchafu wao, na bakteria hao wanahitaji wiki 4 mpaka 6 kujijenga kwenye filta. Lisha kidogo, badili robo ya maji kila wiki, na usirushe chumvi juu chini, hata hao bakteria wanakufa.

SWALI: Niko Mikindani, tenki linapungua maji kwa joto hili, najazia ya bahari, ila samaki sasa wanahema juujuu. Umeme nao ukikatika pampu inalala.

JIBU: Acha kujazia ya bahari dada, kinachopaa ni maji tu chumvi inabaki, kwahiyo kila ukijazia unaongeza chumvi juu ya chumvi. Jazia maji yasiyo na chumvi, ya bomba yaache kwanza ndooni siku nzima klorini itoke. Afu maji ya moto na yenye chumvi nyingi hayashiki oksijeni vizuri, ndo kuhema huko, toa tenki dirishani na nunua kapampu ka hewa ka betri kwa ajili ya umeme.

SWALI: Naweza kwenda Msimbati na chandarua nikatoe watoto wa samaki?

JIBU: Hapana. Msimbati ipo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, tangu 2000, bila kibali usiguse kitu, na chandarua hata nje ya hifadhi ni kosa. Ongea na wavuvi wa nje ya hifadhi wakuwekee wanaonasa wakiwa hai, uende na ndoo yenye mfuniko, uwabebe na maji ya palepale walipotoka.