Muulize Daktari wa Mifugo: Kidonda cha Punda, na Farasi wa Central Park

SWALI: Daktari habari yako. Niko Naivasha, nauza maji na mkokoteni wa punda, mitungi 20 kila safari, na huyu punda ndio analipa karo ya watoto. Sasa ametoka kidonda hapo juu ya mabega penye kamba inapita, nikipaka oili chafu kinakauka kidogo alafu kinafunguka tena. Majirani wanasema watanishtaki eti namtesa. Nifanye aje?
Mwenye punda, Naivasha

JIBU: Oili chafu wacha leo hii, inaunguza ile nyama mpya inayojaribu kuota. Chemsha maji, kila nusu lita tia kijiko kidogo cha chumvi, yakipoa osha kidonda asubuhi na jioni. Ukiona funza ama usaha unanuka, ita daktari wa mifugo aliye karibu nawe.

Lakini ata umpake dawa ya bei gani, hakitapona kama kinachomsugua bado kiko. Hebu jaribu hivi: pakia mkokoteni vile hupakia kila siku, punda akiwa amefunguliwa, alafu inua ile miti miwili ya mbele na mikono yako. Unafaa kusikia uzito kidogo tu. Kama unainua na mgongo unalia, basi huo uzito punda huubeba njia nzima, na ni hapo kwa kidonda unakalia. Sukuma mitungi nyuma ikae juu ya ekseli, ila usipitishe, ikilemea nyuma miti inapaa na mkanda wa tumbo unambana.

Na tupige hesabu, mitungi 20 ya lita 20 ni kilo 400 za maji tupu, mkokoteni bado, na punda wetu wengi hawafiki kilo 200. Punguza mitungi uongeze safari, najua mteja hangoji lakini ndio hivyo. Tairi nazo zijaze upepo, tairi laini ni kama kuvuta mchangani.

Kamba ya nailoni tupa. Tafuta mkanda mpana kama kiganja, ushonee blanketi kuukuu, na ule wa kifuani upite chini ya koo, usikalie ile mifupa ya bega. Uoshe kila jioni maana jasho likishikana na vumbi linakuwa msasa.

Kuhusu majirani, hawakutishi bure. Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Cap 360, haitaki mnyama mgonjwa ama mwenye kidonda afanyishwe kazi. Usimfunge kwa mkokoteni mpaka apone, ongea na wenzako upate punda wa zamu, mpasue faida. Itauma mfukoni, sikatai. Ila punda huficha maumivu, siku ukiona amegoma kutembea ujue ameumia kitambo.

SWALI: Shikamoo daktari. Naishi New York, mama anakuja toka Tanga na ameshasema lazima apande gari la farasi Central Park. Rafiki zangu wananiambia ni unyama. Juzi nilimwona mmoja kainamisha kichwa, kainua mguu, nikaona huruma kwelikweli.
Binti wa Tanga

JIBU: Marahaba. Huo mguu ulikuwa wa nyuma au wa mbele? Wa nyuma ukilegea na kichwa kiko chini, huyo anasinzia zake tu, mwache. Akiwa anatanguliza mmoja wa mbele ili asiukanyagie, hapo kuna maumivu. Angalia na pua, kama amesimama muda mrefu na bado zinapanuka kwa nguvu, amechoka au joto limemzidi.

Sheria za jiji lenu zipo, joto likifika nyuzi 32 farasi wasimamishwe, na wasizidi saa 9 za kazi katika saa 24. Mimi kinachonisumbua zaidi ni barabara, sababu mazizi yapo upande wa magharibi wa jiji na farasi wanapita katikati ya magari kwenda bustanini Central Park na kurudi. Agosti 2022 farasi aitwaye Ryder alianguka Ninth Avenue mbele ya watu, kelele zikawa nyingi. Chicago wao walishafunga biashara hiyo tangu mwanzo wa 2021.

Ningekuwa wewe ningemleta mama Oktoba, asubuhi, na kabla ya kulipa ningemwomba dereva anionyeshe ngozi iliyo chini ya mkanda. Akikataa, mpandishe mama baiskeli za kukodi za matairi matatu, zipo hapohapo getini.