Muulize Shangazi: Maisha ya Bibi yameniishia kwenye mistari minne

SWALI: Shikamoo Shangazi. Bibi yangu mzaa mama katutoka miezi miwili iliyopita. Yeye ndo alikuwa ameishika familia yote, watoto saba, wajukuu hata hatuhesabiki, vitukuu ndo vimeanza kutembea. Sasa wakubwa wamepanga tukutane wote kumkumbuka na mimi nimepewa kazi ya kuandika maisha yake na kuyasoma mbele ya watu, eti kwa vile nashinda kwenye kompyuta. Wiki nzima nimeandika "alizaliwa, akaolewa, akajaliwa watoto, akaugua" basi nikakwama, yani mtu kaishi karibu karne nzima kaisha kwa mistari minne!

Halafu kuna ubishi wa umri. Kitambulisho chake kinasema 1931, kwa hiyo kafariki na miaka 94, ila mjomba mkubwa (kazaliwa 1951, ndo wa kwanza) kashikilia alikuwa na 103 na niandike hivyo hivyo. Mama mdogo, kitinda mimba, ni wa 1973, yeye anasema tusimbishie mjomba. Bibi mwenyewe hakuwahi kusema mwaka, hadithi yake ya kila siku ilikuwa ile siku watu walipopiga kelele kwamba vita kuu ya pili imeisha, alikuwa kambeba mdogo wake mgongoni, akaruka kwa furaha mtoto akadondoka, jioni akachapwa. Huyo mdogo wake yupo hai bado, ndo babu yetu sasa.

Mimi nimeachiwa miwani yake, ile aliyoifunga uzi mweusi mkono ulipovunjika, na daftari la namba za simu. Kuna majina kayawekea kanukta pembeni na sijui maana yake. Nimebakiwa na wiki tatu, nisaidie. — Mjukuu wa katikati

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Hiyo mistari minne iweke pembeni kwanza, sio mibaya ila ni ya fomu, ukibadilisha jina inakuwa ya bibi wa jirani.

Tuanze na umri maana ubishi huo ukiuacha utalipuka siku yenyewe watu wamekaa. Jibu umeniandikia mwenyewe ila hujaliona. Vita iliisha 1945. Kwa kitambulisho Bibi alikuwa na miaka 14, kwa hesabu ya mjomba alikuwa na 23. Sasa niambie, mdada wa miaka 23 anachapwa kwa kudondosha mtoto? Na angalia upande wa pili, mama mdogo wa 1973: kwa kitambulisho Bibi kamzaa akiwa na 42, kwa mjomba kamzaa na 51, umri ambao wanawake wengi sana uzazi umeshafunga. Hiyo 1931 inaweza isiwe sahihi kabisa, vitambulisho vya wazee wetu vingi viliandikwa kwa kukisia, ila 94 iko karibu na ukweli kuliko 103.

Sisemi watu hawafiki huko. Yule bibi wa Ufaransa, Jeanne Calment, kazaliwa 1875 kafariki 1997, miaka 122, hakuna aliyethibitishwa kuishi zaidi yake, ila yeye alikuwa na makaratasi tangu anazaliwa na bado wakatokea watu wakambishia. Sisi tunaokwenda kwa hadithi inabidi tuzihoji hadithi zenyewe. Ila mjomba usimsahihishe mbele za watu hata kidogo, mfuate kabla, peke yake, na hiyo hesabu mkononi, na akigoma andika "kitambulisho chake kinasema 1931" basi, hujambishia na hujadanganya mtu.

Haya, daftari. Mwanangu wewe una dhahabu hapo unaniuliza nukta! Hao wote ni watu aliowataka karibu, na wengi wana Bibi ambaye nyie watoto wake hamumjui, aliyekuwa anacheka kwa mambo mengine kabisa. Nukta mi nahisi ni waliotangulia, hakutaka kuwakata kwa mstari, lakini naweza nikakosea, inawezekana ni watu aliokuwa anawadai. Muulize mama mdogo kwanza. Na kwenye majina yasiyo na nukta piga simu, ila salimia vizuri na ujitambulishe maana laini ikikaa muda bila kutumika namba hupewa mtu mwingine, usije ukamlilia asiyekujua.

Ukimpata mtu usimuulize "Bibi alikuwa mtu wa namna gani". Utaambiwa alikuwa na upendo, utarudi na karatasi tupu kama ulivyokwenda. Uliza alikuwa anakaa upande gani wa chumba, akikasirika alikuwa ananyamaza au anafokea masufuria, mara ya mwisho mligombana kwa nini. Na wazee waulize ya ujana, wataalamu wa kumbukumbu wanasema mtu akishakuwa mtu mzima, miaka anayoikumbuka zaidi ni ile ya kati ya 10 na 30, ndo maana Bibi alikuwa anasahau kama kanywa dawa lakini siku ya kuchapwa aliijua mpaka jioni yake. Rekodi kwa simu ukishaomba ruhusa, na usiku huo huo faili lihamishie sehemu nyingine, simu hizi zinaingia maji. Wawili wakisimulia tukio moja tofauti ziandike zote mbili, usijifanye hakimu. Picha za zamani nyuma yake andika majina kwa penseli laini, kalamu ya wino inatoboka mpaka usoni, na fanya hivyo wakati wanaozitambua hizo sura bado wapo.

Kuandika kwenyewe sasa. Mimi ningeanza na miwani ile na uzi wake mweusi, aliufunga lini, kwa nini hakutaka nyingine (nina hakika kuna aliyemnunulia mpya ikakaa kwenye droo), hapo hapo ukumbi mzima utakuwa umemwona. Miaka utaitupia humo katikati, sio lazima ipangane kama foleni. Na usimfanye malaika. Kama alikuwa mkali sema alikuwa mkali, watakaocheka kwa sauti ndo hao hao waliochapwa naye, ila yale ya kuumiza watu walio hai hayo yaache nyumbani. Usizidi dakika kumi, watoto watalala na wajomba wataanza kuangalia simu.

Simu ya kwanza kabisa lakini ni ya babu, huyo aliyedondoka. Mpigie kesho asubuhi kabla hajachoka. Hadithi ile mmeisikia kwa Bibi tu miaka yote, alikuwa mdogo labda hakumbuki kitu ila lazima alisimuliwa na mama yao, na yeye ndo aliyeanguka. Muulize ilikuwaje, na kama kovu lipo akuonyeshe.