Maswali ya wasomaji: Oili ya gari lenye turbo na lisilo na turbo

SWALI: Nyumbani tuna magari mawili ya petroli. Moja halina turbo. Jingine lina turbo, na nozeli zake zinapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Vitabu vya yote mawili vinataja 5W-30. Fundi anasema lenye turbo tulitilie 20W-50 kwa kuwa linachemka zaidi. Je, ni sawa? Na tunaweza kununua oili ya aina moja kwa magari yote mawili?

JIBU: 20W-50 msitie. Turbo huzungushwa na moshi wa ekzosi ili isukume hewa zaidi ndani ya injini. Katika turbo nyingi shafti haikai juu ya gololi. Inaelea juu ya utando mwembamba wa oili huku ikizunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Oili nzito huchelewa kuufikia utando huo asubuhi injini ikiwa ya baridi, na sekunde hizo chache ndizo zinazoila beringi. Namba iliyo kabla ya W ndiyo inayoeleza oili inavyopita ikiwa baridi: ikiwa ndogo, inapita upesi. Ile ya mwisho inaeleza uzito wake injini ikishapata moto.

Kuhusu joto, fundi ana hoja, ila dawa yake siyo uzito. Moshi unaoingia kwenye turbo ya petroli unaweza kupita nyuzi 900. Ukizima injini ghafla baada ya kupanda mlima, oili iliyobaki ndani ya turbo inasimama na kuungua hadi kuwa mkaa, na mkaa huo huziba njia. Kinachozuia hayo ni oili ya sintetiki, kuibadilisha mapema, na kuiacha injini isailensi, yaani iungurume bila kukanyaga mafuta, dakika moja au mbili kabla ya kuizima.

Angalieni pia herufi za API, yaani daraja la ubora la taasisi ya petroli ya Marekani, mgongoni mwa galoni. Injini ndogo yenye turbo ya namna hii, ikibebeshwa mzigo mzito kwa mizunguko midogo, mchanganyiko wa petroli na hewa unaweza kuwaka kabla ya plagi kutoa cheche. Mshindo wake huvunja pistoni. Oili yenye kalsiamu nyingi huchochea tatizo hili, ndiyo maana daraja la SN Plus la mwaka 2018, kisha SP la 2020, yakaongezewa kipimo chake. Kwa hiyo nunueni 5W-30 ya sintetiki yenye SP, mradi itimize pia kiwango cha mtengenezaji kilichotajwa kitabuni. Hiyo itafaa magari yote mawili. Kinyume chake hakikubaliki: oili ya zamani ya daraja la SL inaweza kulitosha lile lisilo na turbo, lakini isiingie kwenye lenye turbo.

Oili ya lenye turbo ibadilishwe mapema zaidi, hasa likienda safari fupi fupi. Petroli isiyoungua huteremka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, na kuifanya oili kuwa nyepesi. Mkiona kipimo cha oili kwenye kijiti kinapanda badala ya kushuka, na kijiti kinanuka petroli, mwageni oili yote hata kama kilomita hazijatimia.

SWALI: Gari langu la dizeli lina turbo na kichujio cha masizi kwenye ekzosi. Oili yoyote ya dizeli inafaa?

JIBU: Hapana. Masizi huunguzwa na kichujio kikajisafisha, lakini jivu la oili haliungui. Linabaki humo. Tafuta oili yenye jivu kidogo. Daraja la C3 la ACEA, chama cha watengenezaji magari wa Ulaya, kwa mfano, jivu lake halizidi asilimia 0.8. Ila C2 na C3 hazitofautiani kwa jina tu, kwa hiyo fuata ile iliyoandikwa kitabuni.

SWALI: Gari la zamani lisilo na turbo linakula oili. Nihamie 20W-50?

JIBU: Kwanza kagua uvujaji na vali ya kupumulia injini, ikiziba, oili husukumwa nje. Baadaye panda hatua moja tu, kutoka 5W-30 hadi 5W-40, kama jedwali la kitabu linaruhusu.

SWALI: Nimefunga turbo mpya, ikafa baada ya wiki chache. Fundi analaumu oili.

JIBU: Mara nyingi kosa liko kwenye bomba dogo linaloleta oili, ambalo limejaa mkaa wa turbo ya kwanza. Kulipuliza kwa upepo hakutoshi. Nunua jipya, na bolti yake ikiwa na kijichujio ndani, ibadilishe pia. Weka oili na filta mpya. Bomba la kurudisha oili lisipinde wala kuziba, na gasketi zake zisipakwe silikoni, kwa sababu vipande vyake hukatika na kuziba tundu. Kabla ya kulifunga bomba la kuleta oili, mimina oili safi kwenye tundu la turbo huku ukizungusha gurudumu la turbo kwa kidole. Kisha kata petroli au dizeli isifike kwenye injini, na upige stata kwa vipindi vya sekunde 10 hadi oili itoke kwenye bomba la kurudisha. Hapo ndipo uwashe, na usikanyage mafuta kwa dakika chache za mwanzo.