Muulize Fundi: Programu ni ya bure, mbona we unachaji?

SWALI: Shikamoo kaka Fundi. Niko Ujiji, nimejifunza mwenyewe kwenye laptop OpenSimulator, ile programu ya kujenga dunia za 3D ambazo watu wanaingia kwa mtandao, nikaijenga stesheni yetu ya Kigoma, ile ya Mjerumani, ukitoka nje unaliona ziwa. Mwalimu mmoja wa Uholanzi akaona picha, akaniomba nimtengenezee kitu kama hicho kwenye seva anayokodi ili wanafunzi wake waingie. Nimeweka kila kitu, ila kwenye laptop yangu inaenda freshi, kwenye seva yake neno la siri linakubali afu inaganda hapohapo inasubiri eneo lifunguke mpaka inakata. Na nilipomtajia dola 200 akauliza kama programu ni ya bure namlipisha nini. Je naruhusiwa kuchaji? Na lazima nigawe bure vyote nilivyoandika? – Kijana wa Ujiji

JIBU: Marahaba mdogo wangu wa mwisho wa reli. Ngoja tuanze na hiyo kuganda maana hakuna mtu atalipia ulimwengu usioingilika.

Kuingia kuna hatua mbili. Jina na neno la siri vinapita kwa TCP, njia moja ya kupitisha data mtandaoni, hiyo kwako imekubali. Baada ya hapo programu ya kutazamia, nadhani unatumia Firestorm, inaanza kuongea na eneo lenyewe kwa UDP, njia nyingine ya data, na kama hujabadilisha kitu ni poti (mlango wa seva) 9000, namba ileile ya TCP. Sasa watu wengi kwenye ukuta wa ulinzi wa seva wanafungua 9000 ya TCP wanasahau ya UDP, na wengine wana kuta mbili, moja ndani ya seva na nyingine kule kwenye ukurasa wa waliomkodishia, wanafungua moja tu. Ni kama umekata tiketi ya boti ya Kalemie, mzigo umepimwa, unafika gatini geti limefungwa. Ukishafungua zote na bado inaganda, fungua faili la Regions.ini uangalie mstari wa ExternalHostName, kama umelihamisha kutoka kwenye laptop basi inawezekana kabisa bado lina anwani ya nyumbani kwako, yaani 192.168 na kuendelea, na mtu aliyeko Uholanzi ataitafuta wapi hiyo? Weka anwani ya nje ya seva, zima, washa tena. Na mwambie mwalimu apakue Firestorm ya OpenSim, kuna nyingine ni ya Second Life, dunia nyingine ya mtandaoni, peke yake, hiyo haitamfikisha kwako.

Haya, hela. OpenSimulator ipo toka 2007 na leseni yake ni ya BSD, inakuruhusu kutumia, kubadilisha, hata kuuza, ilimradi unapoigawa uache ile notisi ya wenye haki mahali pake. Hailazimishi uanike msimbo wako, yaani hivyo ulivyoandika. Ila ukigusa Firestorm yenyewe ukamgawia mteja toleo lako, hapo ni habari nyingine, ile iko chini ya leseni nyingine, LGPL, na ulichobadilisha humo inabidi msimbo wake upatikane.

Kwa hiyo mwalimu umjibu hivi: migebuka ziwani haina bei, ila pale Kibirizi unalipia, kwa sababu kuna mtu alikesha na karabai. We unauza usiku wako, huuzi programu.

Lakini na we umekosea, tuseme ukweli. Umemaliza kazi ndo unataja bei! Mi nishaliwa hivyohivyo, mteja mmoja wa nje aliniambia kitu kidogo tu, nikakubali kwa mdomo, kitu kidogo kikawa milango ijifungue, kikawa avata, zile sanamu za watu walioingia, zikae kwenye viti, afu akataka watu wa gridi nyingine (dunia nyingine za OpenSimulator) waje kutembea kwa Hypergrid, njia inayoziunganisha, wiki tatu nalala saa nane za usiku na bei ni ileile. Siku hizi naandika barua pepe ya mistari sita tu: maeneo mangapi na ukubwa wake (eneo la kawaida ni mita 256 kwa 256), watu wangapi kwa mpigo, nani analipia seva, marekebisho mara ngapi, na likivunjika mwezi ujao namtengenezea kwa shilingi ngapi. Afu kishika uchumba nusu, ndo nawasha kompyuta. Hela ya nje kabla hujaitegemea mwambie akutumie dola 10 kwanza uone inafika vipi na makato yake.

Na kabla hujagusa chochote kwenye seva ya mtu piga amri ya save oar, inahifadhi eneo kwenye faili la OAR, faili ulishushe kwako. Ila ujue OAR inabeba ardhi na vitu vilivyosimama pale tu, akaunti za watu na mikoba yao (vitu walivyojiwekea) havimo, kwa hiyo hifadhidata nayo uichukulie bakapu yake. Hii kwa mteja ndo inakutofautisha na deiwaka.

SWALI: Fundi mambo, mi nipo Tabora. Mteja anataka ofisi yenye samani nzuri, nimepata faili la samani lililonyofolewa Second Life, naweza kulitumia? Nani atajua?

JIBU: Acha bana. Watu wa Tabora mnajua mzinga una mwenyewe hata kama uko porini. Zile samani zimechorwa na watu wanaoishi kwa kuziuza, na mwenyewe akiziona atamfuata mteja wako, mteja atakufuata we. Chora kwa Blender, programu ya kuchora vitu vya 3D, au tafuta zilizoandikwa wazi kuwa ruksa kwa biashara, na hiyo ruhusa uihifadhi.

SWALI: Naweza kuweka seva nyumbani Kasulu nitumie bando la simu?

JIBU: Kujifunzia sawa. Kwa mteja hapana, hata umeme usipokatika, kwa sababu kwenye laini za simu anwani moja ya nje kwa kawaida mnagawana wengi, mtu wa nje akigonga hana njia ya kukufikia. Kodi seva ndogo, na gharama yake iingie kwenye ile mistari sita.