Umeme ukikatika, gari linaweza kubeba nyumba? Maswali na majibu

Magari ya umeme yanazidi kuonekana barabarani, na pamoja nayo yamekuja maswali mengi kuhusu jambo moja: betri kubwa imekaa uani, nyumba iko gizani, mtu afanyeje? Tumechagua maswali yanayorudi mara nyingi. Tukisema uniti tuna maana ileile ya Yaka, umeme wa kulipia kabla hapa Uganda: kilowati moja ikitumika kwa muda wa saa moja.

Nimepata Nissan Leaf ya 2013 kutoka Japani. Muuzaji anasema itaendesha nyumba nzima umeme ukikatika. Ni kweli? (Msomaji, Kira)

Muuzaji amekupa nusu ya habari, ndugu. Tundu la CHAdeMO (la kuchaji haraka) lililo puani mwa Leaf linaweza kweli kutoa umeme nje. Japani kazi hiyo imefanyika tangu 2012 kwa sanduku la Nichicon linalofungwa ukutani na kutoa hadi kilowati 6. Ila sanduku hilo haliji na gari, na limetengenezwa kwa nyumba za Japani zenye volti 100 na 200, wakati sisi tunatumia 240. Leaf yenyewe haina soketi yoyote ya kuchomeka friji.

Kinachowezekana kwa gharama ndogo ni kupitia betri ndogo ya volti 12. Gari likiwa katika READY (limewashwa, tayari kwenda), betri kubwa huilisha ile ndogo bila kukoma, na kutoka hapo unaweza kuendesha inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa 240) ya wati 1,000. Usizidishe. Wati 1,000 kwenye volti 12 ni karibu ampea 95 ukihesabu na upotevu, na kifaa cha gari kinachoshusha volti kina kazi nyingine pia. Nunua inveta ya wimbi safi (pyua saini), kwa sababu zile za bei rahisi hupasha moto mota ya friji. Waya wa shaba uwe wa milimita za mraba 35, usizidi mita moja na nusu, na fyuzi ya ampea 125 ikae karibu kabisa na kichwa cha chanya. Waya wa hasi ufunge kwenye bodi ya gari, si kwenye kichwa cha betri, kwa sababu hapo kuna sensa inayopima mkondo na utaidanganya. Kisha peleka ndani waya wa 240. Ukirefusha ule wa 12, volti zitapotelea njiani na inveta itazima.

Kosa linalowakuta wengi ni kuwasha inveta gari likiwa limezimwa. Betri ndogo huisha upesi, na asubuhi gari haliamki kabisa ingawa betri kubwa imejaa.

Kabla ya kulipa, hesabu vipande vya afya ya betri vilivyo pembeni mwa kipimo cha chaji. Jipya lina 12. Likibaki na 8, betri ya uniti 24 imeshuka hadi karibu theluthi mbili, yaani kama uniti 16, na si zote zinatumika.

Nina BYD Atto 3 yenye adapta ya kutoa umeme, ile inayochomekwa kwenye tundu la kuchajia na kuleta soketi. Itanifikisha wapi? (Msomaji, Ntinda)

Mbali kuliko unavyodhani, dada, mradi usiwashe kila kitu. Betri yako ni ya uniti 60.48, au 50 hivi kama ulichukua ile ndogo. Tuchukue ile kubwa, imejaa asilimia 80, nawe hutaki ishuke chini ya 30 ili ubaki na safari ya hospitali usiku. Hapo una uniti 30 za nyumba.

Friji la kawaida hula kama uniti 1.2 kwa siku. Taa nane za LED za wati 9 kwa saa tano ni 0.36. Televisheni na dikoda kwa muda huohuo ni kama 0.35. Ruta ya intaneti inayowaka mchana na usiku ni 0.24. Simu na kompyuta ya mkononi, weka 0.2. Jumla haifiki uniti 2.5.

Wengi husahau kwamba gari lenyewe linakula. Linapotoa umeme, kompyuta zake na inveta yake haziwezi kulala, na wati 100 hadi 300 huenda huko. Tukisema 150 kwa saa 24, ni uniti 3.6, yaani gari limekula kuliko nyumba! Ndiyo maana uniti 30 zako zitakupa siku tano badala ya kumi na mbili. Dawa ni kulizima gari kwa saa chache familia ikilala. Friji lililojaa na lisilofunguliwa hushika baridi kwa muda wa saa nne bila shida.

Kupika kunawezekana. Sufuria ya presha ya umeme ya wati 1,000 huivisha maharage kwa chini ya nusu uniti. Pasi na birika washa kimoja kimoja. Hita ya kuoga inayochemsha maji papo hapo isahau: nyingi huvuta wati 5,000 na zaidi, na adapta yako ina kikomo cha 3,300 au 2,200 kulingana na soko gari lilikotengenezewa. Soma maandishi yaliyo kwenye adapta yenyewe.

Fundi wangu anataka kutengeneza waya wenye plagi pande zote mbili: upande mmoja kwenye gari, mwingine kwenye soketi ya sebuleni, nyumba yote iwake. Nimkubalie? (Msomaji, Mbarara)

Hapana. Na ukishaukuta waya wa namna hiyo nyumbani, ukate vipande.

Sababu ya kwanza ni mtu aliye juu ya nguzo. Umeme unaoingia kwa soketi ya sebuleni hutoka kwa mita na kufika kwenye transfoma ya mtaa. Transfoma haijui mwelekeo: volti 240 zikiingia chini, juu zinatoka 11,000 au 33,000, kwenye waya ambao mafundi wa laini wameambiwa umekufa. Kusema utazima meni swichi kwanza hakutoshi, maana usalama wa mtu mwingine hauwezi kutegemea kumbukumbu yako saa mbili usiku gizani.

Ya pili ni plagi yenyewe. Ikichomoka upande mmoja, pini zake ziko wazi na zina volti 240, na mtoto anaweza kuziokota sakafuni.

Ya tatu inaugusa mfuko wako. Umeme wa mtaa ukirudi wakati gari linaendelea kutoa, mikondo miwili isiyokwenda pamoja inagongana, na inveta ya gari ndiyo inayoungua. Kuibadilisha hapa si jambo la siku moja.

Njia salama ni mbili. Rahisi ni ekstensheni kutoka adapta ya gari moja kwa moja hadi kwenye vifaa, bila kugusa nyaya za nyumba. Waya uwe wa shaba wa milimita za mraba 2.5, wenye athi (waya wa ardhi), na kama umezungushwa kwenye kibiringita, ufungue wote. Ukibaki umejizungusha hupata joto hadi plastiki inayeyuka. Plagi zetu za pini tatu ni za ampea 13, kwa hiyo kwa kazi ya muda mrefu usipite wati 2,500 hata kama gari linaruhusu zaidi.

Njia ya pili ni chenjiova, yaani swichi ya kuchagua chanzo cha umeme, ya ampea 63 yenye nafasi tatu: umeme wa mtaa, sifuri, gari. Iwe ya poli mbili, inayokata waya wa moto na nyutro kwa pamoja. Mafundi wengine hufunga ya poli moja na kuacha nyutro imeungana. Hilo ni kosa. Tenga kwanza sakiti chache, za taa na friji, kwenye DB (sanduku la swichi za sakiti) ndogo ya pembeni, na hizo peke yake ndizo zipite kwenye chenjiova. Mwambie fundi akuonyeshe kibali chake kutoka ERA, mamlaka inayosimamia umeme Uganda, kabla hajafungua DB.

Jambo moja litamshangaza. Akiweka testa kwenye soketi inayolishwa na gari, huenda ikawaka kwenye matundu yote mawili. Gari si bovu. Magari mengi hutoa umeme usiofungwa kwenye ardhi, hivyo kila waya huonyesha kama nusu ya volti ukiupima dhidi ya athi. Asiunganishe nyutro na athi ili "kurekebisha", maana magari mengine hulihesabu hilo kama hitilafu na kukata. Lakini mjue pia kwamba katika hali hiyo kinga ya mshtuko iliyo kwenye DB inaweza isiruke. Ndiyo sababu kwa nyumba yenye watoto tunapendelea ekstensheni, na kila kifaa kiwe na waya mzima.

Tayari nina sola, inveta ya kilowati 5 na betri ya lithiamu ya volti 48, ampea 100. Gari nitaliunganisha vipi? (Msomaji, Jinja)

Wewe ndiye mwenye nafasi nzuri kuliko wote waliotuandikia. Usiendeshe nyumba kwa gari. Tumia gari kujaza betri yako, kisha lizime.

Betri hiyo ni kama uniti 5. Gari liingie kwenye mlango wa jenereta wa inveta, au kama hauna, kwenye mlango wa umeme wa mtaa kupitia chenjiova ya poli mbili. Kwenye mipangilio, shusha kiwango cha kuchaji kutoka umeme wa nje hadi ampea 30. Hizo ni kama wati 1,600 zinazoingia betrini, na gari litatoa karibu 1,800. Kumbuka kwamba inveta ikiona umeme wa nje, nyingi hupitisha na mzigo wa nyumba hukohuko, kwa hiyo 1,800 jumlisha matumizi ya nyumba visizidi 2,500. Kutoka asilimia 20 hadi kujaa ni kama saa mbili na nusu. Baada ya hapo gari linalala na halili umeme wake usiku kucha, na mshtuko wa friji kuanza unabebwa na betri ya nyumba.

Inveta ikikataa kupokea umeme wa gari, angalia kwenye mipangilio kama imewekwa kwenye hali ya UPS, inayochagua sana umeme. Iweke kwenye APL, inayokubali volti zinazoyumba zaidi. Na hili ni zito: kama inveta yako ina ruhusa ya kusukuma umeme wa sola kwenda gridi, zima ruhusa hiyo kabla ya kuunganisha gari. La sivyo jua likiwaka, sola itasukuma umeme ndani ya gari kwa mlango usiopokea.

Pampu ya kisima ikianza tu, gari linakata. Pampu ni ya farasi moja na gari linatoa wati 3,300. Mbona? (Msomaji, Mbale)

Pampu hiyo ikishazunguka huvuta kama wati 1,100, lakini inapoanza huvuta mara tano au zaidi kwa kitambo kidogo. Gari linaona wati 5,500 na kujilinda. Kuzima na kuwasha tena hakusaidii. Fundi anaweza kufunga kianzishi laini, ambacho hupunguza mvuto huo kama kimechaguliwa vizuri. Ila tanki juu ya nyumba, lijazwe umeme wa mtaa ukiwepo, ni jibu la bei nafuu na lisiloharibika.

Gari langu ni Estima Hybrid lenye soketi ya ndani. Je, hiyo nayo inafaa? (Msomaji, Entebbe)

Inafaa kwa kiasi, na kwa tahadhari. Soketi hiyo ni ya volti 100 na wati 1,500, kwa hiyo unahitaji transfoma ya kupandisha hadi 220 au 240, ya angalau VA 2,000. Friji, taa na televisheni zitakwenda. Lakini betri ya hybrid ni ndogo sana. Baada ya muda mfupi injini itawaka yenyewe kuijaza. Usilifanye hili ndani ya gereji au chini ya dirisha la chumba cha kulala, kwa sababu moshi wa injini una kaboni monoksidi isiyo na harufu na inaua watu usingizini. Tahadhari hiyohiyo ni ya Outlander PHEV, ingawa betri yake ya uniti 12 na kuendelea hukaa muda mrefu zaidi kabla injini haijaingilia.

Mimi ni dereva wa boda ya umeme. Betri yake inaweza kuwasha nyumba? (Msomaji, Kawempe)

Kama betri ni ya kubadilishana kwenye vituo, si mali yako, na nyingi zina kompyuta inayofunga mkondo zikitolewa kwenye pikipiki. Hata ikikubali, betri ya volti 72 ikijaa hupita 80, na inveta ya 48 huvumilia kama 60 tu. Utaichoma mara ya kwanza. Pata betri ya sola iliyotengenezwa kwa kazi hiyo.

Ni nafuu kuliko jenereta? (Msomaji, Gulu)

Weka bei zako za leo kwenye hesabu hii. Tuseme uniti ya Yaka ni shilingi 750, na, gari likiwa na mzigo wa kutosha, theluthi hivi inapotea kwenye kuchaji, kutoa na gari kujilisha: uniti moja inayofika kwenye friji imekugharimu kama 1,125. Jenereta ndogo ya petroli hutoa kama uniti 2 kwa lita ikiwa na mzigo wa kutosha. Lita ikiwa 5,000, uniti ni 2,500, na ikiwa na taa tatu tu inapanda zaidi, kwa sababu injini hunywa hata ikizunguka bure. Gari linashinda. Ila kununua gari la umeme kwa ajili ya kukatika kwa umeme peke yake hakuna maana. Betri ya nyumba ni rahisi mno kuliko gari.

Adapta ya rafiki yangu haifanyi kazi kwenye gari langu, ingawa tundu ni lilelile. Na mvua je? (Msomaji, Mukono)

Ndani ya adapta kuna rezista inayoliambia gari "toa umeme", na thamani yake hutofautiana kati ya BYD, MG na wengine. Gari lililokuja kutoka China linaweza kuwa na tundu la GB/T, ambalo hata umbo lake ni jingine. Agiza kwa jina la modeli na mwaka.

Kuhusu mvua, sehemu inayoingia garini imekingwa, lakini kichwa chenye soketi kilicho upande wa pili hakijakingwa. Kiinue kutoka ardhini na kiweke chini ya paa. Na ukisikia radi, ambazo huku kando ya ziwa ni nyingi, chomoa chaja kutoka umeme wa mtaa, uendelee na ulichonacho betrini hadi ipite.