Muulize Fundi: Injini ya Vespa ya babu ni ya wapi, na ni cc ngapi?

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Mikindani, marehemu babu katuachia Vespa imekaa bandani miaka mingi, nataka kuifufua. Kwenye injini nimesugua nikaona herufi VNX1M halafu namba, kwenye bodi kuna VLX1T, kadi inasema cc 150. Fundi wa kwanza kaniambia hii ni Bajaj ya Muhindi, tukaagiza ringi za Bajaj toka Kariakoo, zikaja zinaacha mwanya hadi njiti ya kiberiti inapita. Fundi wa pili kasema ni 125, akaleta za 125, hizo ndo kabisa zinacheza ndani ya silinda. Mjomba naye anasema babu aliinunua 1965. Nimfuate nani?

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni kwa kuondokewa na mzee. Umefanya la maana kutuma herufi zote mbili, za injini na za bodi, maana wengi wananiletea picha ya taa ya mbele wanataka niwaambie injini ni ya wapi.

Anza na hizo herufi. Kwenye Vespa za Piaggio wenyewe wa Italia, namba ya bodi ina kundi la herufi linaloishia na T na ya injini linaishia na M, yani bodi na mota kwa Kiitaliano. VLX1T ni bodi ya Vespa aina ya P150X, ile ya cc 150. VNX1M ni injini ya P125X, ile ya cc 125. Kwa hiyo Bajaj hapo haipo kabisa, ila fundi wako wa kwanza simlaumu, Bajaj walitengeneza Vespa kule India kwa leseni ya Piaggio mpaka 1971, halafu ndo wakaja na skuta yao ya Chetak, injini zile ukiziweka chini bila kusoma namba zinafanana mno. Kabureta nayo inadanganya watu, wanaona Spaco wanasema hii ya India, wakiona Dell'Orto wanasema ya Italia, wakati kabureta ni bolti mbili tu, mtu anabadilisha asubuhi na mchana yuko barabarani. Namba iliyogongwa kwenye chuma cha injini, pale karibu na shokamzoba ya nyuma, hiyo ndo ya kuamini.

Na hiyo 1965 ya mjomba haiwezekani kwa chombo hiki, P125X ilitoka 1977 na P150X 1978. Labda mzee alikuwa na nyingine kabla.

Sasa hapa ndo penye utamu. Injini ya 125, bodi ya 150, na ringi za 125 zinacheza ndani. Maana yake injini ilibadilishwa, halafu juu yake mtu akapachika silinda ya 150, na inakaa vizuri tu kwa sababu mwendo wa pistoni kwenye 125 na 150 za P ni uleule, milimita 57. Kinachotofautiana ni kipenyo, 125 ni 52.5, 150 ni 57.8. Ndo maana nasema kila siku, namba inakwambia injini imezaliwa wapi, lakini cc utaijua kwa kupima silinda. Fundi wa pili alisoma namba vizuri akaishia hapo, hakushika kipimo.

Chukua vernia kalipa, kile kipimo cha kubana cha kupimia kipenyo, pima pale juu kabisa ya silinda ambapo ringi haifiki, maana chini yake pameshaliwa na utapata kipimo cha uongo. Kisha fanya hesabu: kipenyo mara kipenyo mara mwendo, mara 0.7854, gawa kwa 1000. Ukiweka 57.8 na 57 inakuja cc 149.6. Ukiweka 57 kwa 57, ambayo ndo Bajaj Chetak, inakuja 145.45, na hapo unaona zile ringi za Kariakoo zilikuwa na shida gani, kipenyo kimepungua milimita 0.8 tu lakini ukizungusha duara zima mwanya kati ya ncha mbili za ringi unaongezeka milimita 2.5. Njiti yako ya kiberiti imesema kweli.

Kabla hujaagiza tena futa kaboni kichwani mwa pistoni, usome namba iliyogongwa, kama silinda ilishachongwa itakuwa imeandikwa saizi kubwa zaidi ya 57.8 na ringi utanunua za saizi hiyo. Zikija, iingize moja peke yake kwenye silinda, isukume kwa pistoni ili ikae sawa, upime mwanya wa ncha zake kwa fila, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, uwe kati ya milimita 0.20 na 0.35. Ukizidi sana usifunge, utachoma mafuta bure na nguvu hutaipata.

Namba usiisugue kwa msasa wala grinda tafadhali! Huko pwani chumvi inakula aluminiamu inatoa unga mweupe, ukipiga grinda unaondoa na herufi. Mafuta ya taa na brashi laini, kisha paka chaki, zitasomeka. Na kama namba ya injini kwenye kadi siyo hiyo nenda TRA Mtwara uwaulize utaratibu wa kurekebisha kabla hujaitoa barabarani.

SWALI: Fundi habari za kazi, mimi wa Nachingwea. Skuta yangu silinda imelala katikati na ndani kuna cheni, fundi anasema ni Vespa ya zamani sana. Kweli?

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Hapana, hiyo Lambretta. Vespa hizi za gia hazina cheni, injini iko ubavuni kulia na gia zinasukuma tairi moja kwa moja. Lambretta ilitengenezwa na Innocenti wa Milano kuanzia 1947, uzalishaji kule ukaisha 1971 na mitambo ikahamia Lucknow, India. Ukipima ukakuta kipenyo 57 na mwendo 58 hiyo ni 150, kipenyo 52 ni 125. Spea za Vespa usinunue, na hiyo cheni inaoga kwenye oili ndani ya boksi lake, hakikisha oili ipo kabla hujapiga kiki.